Dua ya Kupuliza

Nilipoanza kazi katika maabara moja ya Chake Chake nilikuwa na vidole vyepesi, na ulimi mwepesi zaidi ya vidole. Mama yangu, kule kwetu Mgogoni, alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili mdomoni na kwamba atakayenioa atakuja kuijua ladha yake. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mpole. Kwa mtu mpole jambo ninalolisimulia lingekuwa rahisi, kwani mpole amezoea kupima maneno. Mimi nilizoea kuyatoa tu.

Aliyenifunza kazi ni Bi Mkubwa. Jina lake analo, lakini hakuna aliyemwita kwa jina, hata daktari wetu mkuu, Muunguja ambaye hakuona haya kumwita kila mtu mwingine kwa jina lake kavu. Bi Mkubwa alikuwa mwanamke wa Mtambile, mwembamba, umri umeshapita makamo, baibui jeusi chini ya koti jeupe, miwani imefungwa uzi ili isidondoke. Alikuwapo tangu maabara ile haina kitu ila darubini, akitafuta mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya watoto wa skuli. Kidude cha kuhesabia mayai kilipoharibika hakusubiri kuletewa kingine, alitoa tasbihi mfukoni. Jicho kwenye darubini, kidole kwenye tasbihi, yai moja punje moja. Mgeni mmoja alimkuta hivyo akadhani yumo katika uradi, akatoka kwa kunyata asimkatize. Baadaye mgeni yule alizirudia hesabu zote kwa kifaa chake, akakubali kwamba za tasbihi ndizo sahihi.

Nilimpenda. Sina haja ya kuzunguka. Nilikuwa na cheti cha chuo na maneno mengi ya kitabuni, lakini nikimtazama anavyochukua tone dogo kuliko machozi ya sisimizi na kulitua pale pale anapotaka, nilijiona kama mtu aliyesomea kuogelea barazani.

Kisha tukapewa chumba kipya, chumba cha RNA. Kilikuwa na kipoza hewa, friji la baridi kali, na mashine ya kutambua virusi ambayo daktari aliizungukia siku nzima kama bwana harusi. Bi Mkubwa akawekwa kuwa mkuu wa chumba, mimi msaidizi wake.

RNA ni kitu cha kuonea huruma. Kila chembe hai mwilini ina maandishi makuu yaliyofungiwa ndani, hayatoki. Chembe ikitaka jambo lifanyike, hunakili kipande kidogo cha maandishi hayo na kukituma nje kama barua ya maagizo: tengeneza hiki, ongeza kile. Barua hiyo ndiyo RNA. Virusi vingi havina hata hayo maandishi makuu, vinasafiri na barua tu. Vikiingia kwenye chembe huitoa barua yao, na chembe, kwa utiifu wake, husoma na kutenda, kumbe inamjengea adui.

Barua hizi hazidumu. Vipo vimeng'enya vyenye kazi ya kuzikata. Neno kimeng'enya nililijua tangu skuli, tukifundishwa juu ya mate na ugali, lakini sikuwahi kuliogopa mpaka nilipoingia chumba kile. Kimeng'enya kinachokata RNA kimo kwenye jasho, kimo kwenye ngozi ya vidole, kwenye mate, kwenye vumbi lililoguswa na mkono wa mtu. Ukikichemsha hunyooka ukadhani kimekufa. Maji yakipoa hujikunja tena kikarudi kama kilivyokuwa na kikaendelea kukata. Hakitaki kusaidiwa na kitu chochote. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliwaza kuwa kama binadamu tungekuwa na ukaidi nusu ya ule, kisiwa hiki kisingeshindwa na lolote.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanga ncha za plastiki za bomba la kunyonyea matone kwenye visanduku, glovu mikononi, na mimi nikawa ninalalamika. Nilisema sioni hekima ya kuumbiwa kwenye vidole vyetu kitu kinachotuharibia kazi.

"Hakikuumbiwa kazi yako," Bi Mkubwa akasema. "Wewe ndo uliyekuja na kazi yako."

Alipanga safu nzima, kisha akanisimulia. Mama yake alikuwa na kaka aliyekimbilia Arabuni baada ya Mapinduzi. Barua zake zilikuja kwa mikono ya watu, zimekunjwa ndogo ndogo, na miaka ile kukutwa na barua ya aliyekimbia halikuwa jambo la mchezo. Mama alikuwa akisomewa mara moja tu. Akishasomewa, huichana vipande vipande akavitia mekoni chini ya chungu.

"Nlikuwa ntoto mdogo," akasema. "Nkalia. Nkamwambia, mama, si ungeiweka japo siku moja tuinuse? Kaniambia, barua ishafanya kazi yake. Ikibaki, itafanya kazi nyengine."

Nilisimamisha mikono. Miaka mitatu ya chuo hakuna mwalimu aliyenieleza vizuri vile. Chembe iliyoagizwa kugawanyika lazima agizo lile lichanwe, la sivyo itaendelea kugawanyika na mtu atapata uvimbe. Chembe iliyoambiwa kuna hatari lazima iambiwe pia kwamba hatari imekwisha. Kuna barua zinazoishi dakika chache tu na nyingine zinaishi siku nzima, na muda huo wa kuishi nao ni amri. Kumbe chembe inaongozwa kwa kuandika na kwa kuchana pia, na anayechana ana cheo sawa na anayeandika. Tangu siku ile nimeviheshimu vimeng'enya vile, hata siku vilipotutia aibu.

Halafu ikaja homa. Vijiji vya kusini watu walianza kuanguka kwa homa ya kuvunja mifupa, macho yanauma hata kuyageuza, na kipimo cha malaria kinasema hamna kitu. Wazee waliitambua kabla yetu na jina lake wanalo, kidingapopo. Lakini serikali haitendi kwa jina la wazee, inataka cheti cha maabara. Tukaletewa damu. Virusi vya kidingapopo hukaa kwenye damu siku nne au tano za mwanzo tu, kwa hivyo damu ile haikuwa ya kurudia kuchukuliwa. Ya kila mgonjwa tuliigawa kwenye vichupa viwili. Kimoja cha kufanyia kazi, na pacha wake tukamlaza kwenye friji la baridi kali.

Niseme kidogo juu ya virusi hivyo, maana navyo vilinitia wazimu wa mapenzi. Mwili ukigundua barua ngeni huamsha kimeng'enya kikali kinachokata barua zote, za adui na za nyumbani pamoja, liwalo na liwe. Kipo na kingine kinachozila barua kuanzia kwenye ncha, kama mtu anayefumua ukili wa mkeka. Sasa barua ya kidingapopo imefungwa fundo mwishoni. Mfumuaji anakuja mbio mbio, anafika kwenye fundo, anakwama. Kile kipande kilichobaki kinakuwa silaha ya kuuchezea mwili shere. Nilipolisoma hilo nilipiga kelele mle ndani, "Mashetani hawa!" na Bi Mkubwa akasema astaghfirullah, kisha akaniomba nimsomee tena.

Tulianza kazi kwa matumaini. Damu inatiwa dawa kali yenye chumvi, ambayo inapasua kila kitu na kuviua vimeng'enya vyote. Kisha inaoshwa, inaoshwa tena, na mwishoni RNA inatolewa ikiwa ndani ya tone la maji safi. Hapo mwishoni ndipo penye hatari, kwa sababu dawa kali imeshaondoka na RNA iko uchi. Pamoja na damu za wagonjwa tulitia kichupa kimoja tulichokijua kuwa kina RNA nzima. Kile tulikiita shahidi. Shahidi akitoka salama, majibu ya wengine yanaaminika. Shahidi akifa, hakuna wa kuaminiwa.

Shahidi akafa.

Tulibadilisha maji. Tukabadilisha glovu, tukasugua meza kwa dawa mpaka ikapauka, tukatupa ncha za bomba na kufungua boksi jipya. Tukarudia kwa damu nyingine, shahidi akafa tena. Bi Mkubwa alikuwa akifika kabla ya sote na kuondoka baada ya sote, na mdomo wake muda wote ulikuwa ukitikisika kwa dua.

Jumatatu iliyofuata alifiwa na jamaa yake Pujini, akaenda mazikoni. Nilifanya kazi peke yangu kwa damu chache. Shahidi akatoka mzima, mnene, anang'ara kwenye mashine.

Kesho yake daktari aliniita ofisini. Sitaki kumsingizia ubaya, hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa Kiunguja chake kile cha taratibu, kama anayemtilia mtu chai.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Asipokuwepo yeye, kazi inatoka. Ni umri. Mikono ya mtu mzima haina tena utulivu, na kazi hii haisamehe. Jumatatu nitamrudisha kwenye darubini, kwa heshima zote. Chumba utakishika wewe, na wale pacha wa kwenye friji utawatoa wewe."

Nikasema, "Ndiyo, daktari." Nilitoka mle na furaha. Ninaiandika kwa sababu ni kweli. Nilijiona nimesimama mlangoni mwa chumba kile nikiitwa mkuu, na Mgogoni nzima imeshapata habari.

Furaha ile ilidumu mpaka Jumatano asubuhi. Tulikuwa na RNA ya maini ya kuku tuliyokuwa tukijizoezea, na Bi Mkubwa alitaka kurudia hatua zote moja moja. Nilimkazia macho mikononi kutafuta huo mtetemeko wa daktari. Haukuwapo. Mikono ile ilikuwa imetulia kuliko meza. Akamaliza, akavipanga vichupa juu ya barafu, vifuniko wazi, kama tulivyofanya siku zote kabla ya kuvipeleka kwenye mashine. Midomo ikawa inatembea. Kisha akaivuta barakoa mpaka chini ya kidevu, akainama, akavipuliza kuanzia kushoto kwenda kulia, fuu, fuu, fuu, na kuirudisha barakoa yake mahali pake.

Nilikuwa nimeyaona hayo wiki nzima na zaidi. Niliyaona, na sikuyaona. Mama yangu alinipuliza hivyo hivyo utosini kila niliposafiri. Mtoto akilia ovyo husomewa akapulizwa, chupa ya dawa hupulizwa, maji ya mgonjwa hupulizwa. Mtu wa kwetu akisoma dua asipulize, utadhani kapika chakula hakukipakua. Ningewezaje kuliona jambo ambalo nimelelewa ndani yake? Jumatatu ile mimi sikupuliza kwa sababu moja tu, nilikuwa na haraka na dini yangu ni ya kuchelewa chelewa.

Nikageuza uso. Sikusema.

Na siku ya pili sikusema. Nilijipa sababu nyingi, na nusu yake zilikuwa za kweli. Nitamwambia nini? Shikamoo, Bi Mkubwa, dua yako inaua? Kwetu mkubwa hakosolewi hata akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, seuze umkosoe katika ibada. Nikasema pia kwamba mkubwa ni jaa, kila taka hutupwa kwake akavumilia, basi na hili atavumilia. Mwenyewe nilijua kuwa ninautumia usemi ule vibaya. Nusu ya pili ya sababu zangu ilikuwa chumba. Kila nilipofungua mdomo niliuona ule mlango, na mimi nimesimama mbele yake. Wali wa mchana niliutazama tu. Ulimi wangu wote ule, na haukufua dafu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa wawili tu. Alikuwa anaandika lebo.

"Bi Mkubwa, nna neno."

"Sema."

"Si neno zuri."

"Neno zuri halipigiwi hodi," akasema, na kalamu inaendelea.

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikajikwaa, mwisho nikasema tu: unapovuta barakoa na kupuliza, mate yanaingia, na mate yana kile kimeng'enya. Nikamwambia pia kuhusu daktari na Jumatatu, maana nilishaanza kutapika na sikuweza kuzuia lililobaki. Lile la kuahidiwa chumba tu ndilo nililobaki nalo.

Kalamu ikasimama. "Wasema dua yangu ndiyo inayoharibu?"

"Sikusema dua."

"Basi mbona neti ya mdomo hukuitaja wiki zote hizi?" Barakoa aliiita hivyo, neti ya mdomo. "Naivua kwa sababu dua haipiti kitambaani. Hilo nimefunzwa na babangu."

Alivua glovu moja, akavua ya pili, akaziweka kwenye pipa, akachukua mkoba wake na kuondoka. Hakuubamiza mlango. Angalau angeubamiza ningejua amekasirika. Niliingia stoo nikalia kati ya maboksi, nikijilaani kwa kusema na nikijilaani kwa kuchelewa kusema.

Jumamosi kazi yetu ilikuwa kukagua mafriji tu, na nilikwenda nikijua nitakuwa peke yangu. Nikamkuta. Barakoa iko usoni, imebanwa vizuri puani. Mbele yake vichupa vinne vya RNA ya maini ya kuku, amevitia nukta kwa wino, kimoja nukta moja, cha pili mbili, tatu, nne.

Sikuamkiwa wala sikusubiriwa niamkie. "Kaa hapo," akasema. "Cha kwanza ntakiacha wazi, hakisomwi wala hakipulizwi. Cha pili ntakisomea na neti usoni, nsipulize. Cha tatu ntakisomea nkipulize kama nlivyozoea. Na cha nne utakipuliza wewe."

"Nisome nini?"

"Usisome kitu. Hata bismillahi usiseme. Pumzi kavu."

Nilishikwa na woga wa kijinga. Kupuliza bila ya kusema chochote niliona kama kuingia chumba cha mtu bila hodi. Lakini hapo ndipo nilipofahamu alichokifanya. Usiku ule, badala ya kuninunia, mama yule alikuwa amelichukua neno lililomuuma akaligawa vipande vinne, ili kila kipande kijibu peke yake. Dua upande huu, pumzi upande ule. Mimi na cheti changu, na daktari na vyeti vyake, hakuna aliyefikiria kuvitenganisha. Sisi tulishatafuta mwenye kosa. Yeye alitafuta kosa.

Nikapuliza kavu. Tukaviacha mezani, joto la Chake likifanya kazi yake, mpaka tuliposali adhuhuri. Kisha tukavipitisha kwenye utepetepe wa kupimia, ulioganda kama jeli, na kuuweka juu ya taa ya zambarau. RNA nzima huonekana kama mistari miwili inayong'ara. Iliyokatwa hushuka chini ikawa ukungu.

Cha kwanza kilikuwa na mistari miwili. Cha pili, kile cha dua bila pumzi, mistari miwili, mizuri kama ya kwanza. Cha tatu ukungu. Cha nne ukungu.

Alisimama pale, miwani yake imejaa zambarau.

"Basi dua haina kosa," akasema.

"Haina, Bi Mkubwa."

"Mate ndo yenye kosa. Yangu na yako."

"Na ya daktari," nikasema, ulimi umeshanirudia.

"Ya daktari hatujayapima," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Jumatatu hakusubiri kuitwa. Alibisha mlango wa daktari saa mbili kamili na picha ya utepetepe mkononi, na mimi nyuma yake. Daktari aliinuka, akaanza maneno yake ya heshima zote. Bi Mkubwa akainua kiganja.

"Daktari, nliyeziua RNA ni mimi," akasema. "Si kwa nkono. Kwa pumzi. Tazama."

Akamweleza kichupa kwa kichupa, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anasoma hesabu za mayai ya minyoo. Hakujitetea. Daktari aliitazama ile picha, akaisogeza dirishani, akaitazama tena.

"Hiki cha pili," akauliza, "dua bila pumzi. Nani aliyekifikiria?"

"Mimi."

"Na hiki cha nne?"

"Mimi pia. Kapuliza huyu."

Daktari alikaa chini. Akasema, "Mimi nilisema ni umri." Akasema tena, polepole zaidi, "Nilisema ni umri, na sikupima." Sijamsikia mkubwa wa kazi akisema hivyo kabla ya siku ile wala baada yake, na kwa hilo nilimsamehe hata ule ukavu wake wa majina. Akamwomba Bi Mkubwa awatoe pacha mwenyewe.

Tukawatoa. Yeye kwenye vichupa, mimi nikimpa vitu. Alipofika mwisho, vifuniko viko wazi juu ya barafu, niliona barakoa yake ikitikisika kwa ndani. Alisoma mpaka akamaliza. Kisha akakaa kidogo na shingo imeinama, kama mtu aliyezoea ngazi na akakuta imeondolewa. Hakupuliza. Akavifunika kimoja kimoja. Shahidi alitoka mzima, na katika damu za watu wa kusini kidingapopo kikaonekana, wazi wazi, fundo lake na ubishi wake wote.

Daktari alikimbilia simu. Sisi tulibaki kufuta meza.

"Kakuahidi chumba?" akaniuliza, bila kunitazama.

"Kaniahidi."

"Jumatano ulintazama mdomo ukageuza uso. Sikujua ni nini, lakini nlijua lipo. Alhamisi hukula. Nkasema, ntoto huyu ana neno langu, nngoje aniletee."

"Na kama nisingelileta?"

Alikunja kitambaa cha kufutia, akakikunja tena kikawa kidogo.

"Ningerudi kwenye darubini," akasema. "Ningefanya kazi yangu nkastaafu. Na hata kufa kwangu, mwanangu, ningejua kuwa Mungu alizikataa dua zangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Siku mbili zile nilidhani nimeshika chumba cha mtu, kumbe nilikuwa nimeshika imani yake yote mkononi, na nilikaribia kuitupa kwa ajili ya cheo cha kufungulia kipoza hewa. Nilitaka kusema nisamehe. Kilichotoka ni kilio, pale pale mezani, na vichupa viko karibu.

Bi Mkubwa alinishika mabega akanigeuza kuelekea mlangoni.

"Kalilie nje," akasema. "Machozi nayo yanakata."